Sinatra, Billie, Ella au Diana Krall: uanze na albamu ipi ya jazi ya kuimba yenye okestra?

Swali ninaloulizwa sana na watu wanaotaka kuingia kwenye jazi ya kuimba ni hili hili tu, nianze na albamu gani, na kila nikijibu kwa kutaja moja najuta baadae, maana kumbe aliyeuliza alikuwa anataka kitu cha kupigia wageni mchana nami nimempa kitu cha kuliza mtu usiku wa manane. Kwa hiyo leo naziweka nne mezani, zote ni nyimbo za zamani zilizoimbwa mbele ya okestra, zote nazipenda, na nazipima kwa vipimo vile vile halafu wewe utaangalia ipi inakufaa.

Kwanza tuelewane kwenye neno lenyewe. Sisi tumekua na Morogoro Jazz, Western Jazz, NUTA Jazz, na kwa Wakongo OK Jazz ya Franco, kwa hiyo mtu akisikia jazi anategemea magitaa yanayojibizana na watu wameinuka kucheza. Hapa nazungumzia ile ya Marekani, na sio hata ile ya saksafoni kupiga dakika ishirini bila maneno, nazungumzia mwimbaji mmoja, wimbo wa dakika tatu nne, na nyuma yake fidla nyingi, vinubi, filimbi, tromboni. Kama umekulia kwenye taarabu asilia, ya Ikhwani Safaa au Culture Musical Club, nusu ya safari umeshaimaliza, maana unajua fidla zikiingia kwa pamoja nyuma ya sauti ya mtu zinafanya nini kifuani.

Nyimbo zenyewe wanaziita standadi. Nyingi zilitungwa kati ya miaka ya 1920 na 1950 kwa ajili ya michezo ya jukwaani ya Broadway na filamu za Hollywood, halafu zikawa mali ya kila mwimbaji, kila mtu anauchukua wimbo ule ule na kuuimba kivyake. Ndo maana kulinganisha huku kunawezekana kabisa, kwa sababu wimbo unabaki mmoja, kinachobadilika ni nani anaimba na nani amepanga vyombo. Upo mmoja unaitwa I Get Along Without You Very Well, wa Hoagy Carmichael wa mwaka 1939, na upo kwenye tatu kati ya hizi albamu nne. Huo utakuwa mizani yetu. Maneno yake yalitokana na shairi ambalo Carmichael alikuwa amelihifadhi bila kumjua aliyeliandika, akatafutwa mpaka akapatikana, mama mmoja anaitwa Jane Brown Thompson, na mama huyo akafariki siku moja tu kabla wimbo haujapigwa redioni kwa mara ya kwanza. Mtu anasema naishi vizuri tu bila wewe, kisha anaanza kutaja vitu vinavyomkumbusha, mvua, jina likitajwa, na kadri anavyotaja ndo unajua haishi vizuri hata kidogo.

Vipimo vyangu ni vinne. Sauti ya mwimbaji iko katika hali gani na maneno yanasikika vipi. Okestra inafanya kazi gani, maana kuna inayomshika mwimbaji mkono, kuna inayombeba, kuna inayokaa mbali. Nyimbo zina hali moja au zimechanganyika. Na mwisho urahisi wa kuingia, yaani urefu, ubora wa kurekodiwa, na bando lako. Baada ya hapo nasema inamfaa nani.

Frank Sinatra, In the Wee Small Hours (1955)

Sauti. Sinatra hapa ana miaka 39, sauti imeshatoka kwenye ulaini wa ujana wake na bado haijawa ngumu. Kinachonishangaza mimi ni pumzi. Alisema mwenyewe kuwa alijifunza kwa kumtazama Tommy Dorsey, kiongozi wa bendi aliyoiimbia ujanani, akipiga tromboni, jinsi yule bwana alivyoweza kuvuta sentensi ndefu ya muziki bila kuonekana anavuta hewa, na ukisikiliza kwa makini utamsikia Sinatra anaunganisha mistari miwili ambapo mwimbaji mwingine angekata katikati. Matokeo yake ni kwamba haisikiki kama anaimba, inasikika kama mtu anakuambia jambo. Na maneno yanasikika yote, hata kama Kiingereza chako ni cha kuokoteza utashika.

Okestra. Mpangaji wa vyombo ni Nelson Riddle, ambaye naye alikuwa mpiga tromboni na aliwahi kupiga kwenye bendi ya huyo huyo Dorsey, kwa hiyo hawa wawili walikuwa wanapumua kwa namna moja. Usitegemee mafuriko ya fidla mwanzo mwisho. Nyingine, mfano I'll Be Around, ina kikundi kidogo tu, na kile kinanda kidogo chenye mlio wa kengele kinaitwa selesta. Riddle anaacha nafasi. Fidla zikija zinakuja kwa sababu neno fulani limezihitaji, halafu zinaondoka, na ule ukimya unaobaki ndo usiku wenyewe.

Nyimbo ni 16 na hali ni moja: mwanaume yuko macho saa tisa usiku na mtu wake hayupo. Watu wengi wanaihusisha na kuvunjika kwa ndoa yake na mcheza filamu Ava Gardner, ambaye kipindi kile walikuwa wameshatengana. Iwe ndo sababu au la, ni moja ya albamu za mwanzo kabisa kupangwa kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa hisia moja, kwa hiyo usiisikilize kwa kuruka ruka.

Urahisi. Chini ya saa moja. Imerekodiwa kwa mono, sauti zote zinatoka mahali pamoja, na kwenye spika ndogo ya simu hilo wala sio tatizo, pengine ni faida. Inamfaa mtu anayependa maneno, anayesikiliza peke yake, na ambaye hajawahi kabisa kuisikia aina hii ya muziki.

Billie Holiday, Lady in Satin (1958)

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii ndo inayogombanisha watu.

Sauti. Billie na Sinatra walizaliwa mwaka mmoja, 1915, na Sinatra alikiri hadharani kuwa hakuna mwimbaji aliyemfunza kama Billie. Lakini ukizisikiliza albamu hizi mbili moja baada ya nyingine utadhani Billie amemzidi miaka thelathini. Ana miaka 42 tu. Pombe, dawa za kulevya, kufungwa, kuandamwa na polisi, yote yamo kwenye ile koo. Sauti inakwaruza, noti za juu hazifikii vizuri, mwisho wa mstari unakatika kama uzi. Mara ya kwanza nilipoisikiliza niliizima kwenye wimbo wa pili, nikaona huyu mama anaonewa kurekodiwa akiwa vile. Niliirudia baada ya muda mrefu, nyumbani kulikuwa na msiba, na usiku ule nikaelewa nilichokuwa nasikia. Sauti nzuri imebaki kidogo, ila akili ya kuimba imebaki yote. Anajua neno lipi alicheleweshe, lipi aliweke kabla ya wakati wake, lipi aliseme tu bila kuliimba. Kwenye I Get Along Without You Very Well Sinatra anaimba kama mtu anayejidanganya na anakaribia kufanikiwa. Billie haigizi kabisa, kutoka mstari wa kwanza unajua kwamba anayesema yuko vizuri hayuko vizuri na hatakuwa vizuri.

Okestra. Ni yeye mwenyewe aliyetaka kuimba na okestra ya mpangaji Ray Ellis baada ya kusikia kazi yake. Walirekodi Februari 1958 New York, kwenye studio ya kampuni ya rekodi ya Columbia ya mtaa wa 30 ambayo zamani ilikuwa kanisa, na ule ukubwa wa jengo unausikia kabisa. Wanamuziki kama 40, fidla, kinubi, sauti za kike zinaitikia kwa mbali, na tromboni za J.J. Johnson na Urbie Green zikipita hapa na pale. Ni laini, tamu, kuna wanaosema imezidi utamu, na mimi siwakatalii, wimbo mmoja mmoja ukiusikiliza peke yake unaweza kuona sukari imemwagika. Ila nadhani ndo ilivyotakiwa, kitambaa cha satini kilichonyooka na juu yake sauti iliyochanika, kila kimoja kinakufanya ukione kingine. Ellis mwenyewe hakuridhika wakati wa kurekodi, alikuwa anasikiliza kama mwanamuziki anayesubiri noti sahihi, na baadae alipokaa kusikiliza kazi iliyokamilika ndo akatambua alichokuwa amepewa.

Nyimbo 12, nyingi za mapenzi yaliyoharibika, na zote ni nyimbo ambazo hakuwahi kuzirekodi kabla, kwa hiyo hazirudii mafanikio yake ya zamani. Kitu kizuri kwa mtu anayelinganisha ni kwamba ana tatu za pamoja na albamu ya Sinatra: ile mizani yetu, Glad to Be Unhappy, na I'll Be Around. Zipange mbili mbili kwenye orodha yako usikie.

Urahisi. Sio rahisi. Ni fupi, imerekodiwa vizuri, lakini moyo wako ndo utalipa. Angalia pia matoleo mapya maana mengine yana marudio ya studio yaliyoongezwa mwishoni, sikiliza kwanza albamu yenyewe na uishie hapo, yale marudio yaache siku nyingine. Alifariki Julai 1959 akiwa na miaka 44, na ni vigumu kuisikiliza bila kulijua hilo. Inamfaa mtu aliyewahi kupoteza kitu, anayependa waimbaji kama Bi Kidude alivyokuwa uzeeni, yule ambaye mikwaruzo ya sauti kwake ni sehemu ya maana na wala haioni kama kasoro. Kama wewe sauti safi ndo kila kitu, usianze hapa, utaichukia bure na hutairudia.

Ella Fitzgerald, Sings the George and Ira Gershwin Song Book (1959)

Sauti. Safi kama maji ya chemchemi, sijui nisemeje. Kila noti iko katikati ya mahali pake, kila neno linasikika mpaka herufi ya mwisho, na hakuna mahali utasikia anajikaza. Watu waliomzoea Ella wa kuskati, yule anayecheza na sauti bila maneno, hapa watashangaa maana anaimba nyimbo kama zilivyoandikwa kwa heshima kubwa. Oh, Lady Be Good, ambao miaka ya nyuma aliukimbiza kwa skati mpaka ukawa alama yake, hapa ameuimba taratibu kama barua ya mapenzi. Lawama inayotolewa ni kwamba hata akiimba huzuni unasikia mtu mwenye furaha. Kuna ukweli ndani yake, ukitoka kwa Billie ukaingia kwa Ella moja kwa moja utahisi kama umetoka msibani ukaingia kwenye harusi. Lakini sikiliza But Not for Me, uliompa Grammy, utaona kwamba huzuni yake ipo, ni ya mtu mwenye adabu ambaye halii mbele za watu.

Okestra. Nelson Riddle tena! Na hii kwangu ndo sehemu tamu zaidi ya kulinganisha, kwa sababu mpangaji wa Sinatra ni huyo huyo, miaka minne tu baadae, na anafanya kazi tofauti kabisa. Kule alikuwa anapunguza, huku ana nyimbo 53 za kupanga na lazima kila moja iwe na sura yake, kwa hiyo kuna ya fidla tupu, kuna ya tarumbeta zinazopiga kelele, kuna za mwendo wa kutembea na kupiga vidole. Kule okestra ilikuwa inamsindikiza mtu mpweke, huku inacheza naye.

Nyimbo, kama nilivyosema, 53, santuri tano zilipotoka, zaidi ya saa tatu. Zote ni za ndugu wawili, George aliyetunga muziki na kufariki 1937 akiwa na miaka 38 tu, na Ira aliyeandika maneno, ambaye alikuwa hai na alishirikishwa wakati wa kazi hii. Prodyuza ni Norman Granz, aliyekuwa anamrekodisha Ella albamu za mtunzi mmoja mmoja zilizoitwa Song Book, yaani kitabu cha nyimbo. Hali zimechanganyika, mapenzi, utani, majigambo, siasa kidogo.

Urahisi. Kuingia ni rahisi sana, kumaliza ndo kazi. Usijaribu kuisikiliza yote kwa mkupuo, kata vipande vya nyimbo kumi kumi. Na kwa wenye kununua bando, ukisikiliza kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde saa moja inakula kama MB 144, kwa hiyo albamu hii nzima inapita MB 430, bora uipakue mara moja ukiwa kwenye waifai. Inamfaa anayetaka kujifunza nyimbo zenyewe, wanaoimba kwaya na wanaotaka kusikia matamshi na upumuaji uliotulia, na nyumba yenye watu wa rika mbalimbali.

Diana Krall, The Look of Love (2001)

Sauti. Mkanada kutoka Nanaimo, na tofauti na wale watatu yeye anapiga piano mwenyewe. Sauti yake ni nzito kidogo na ya chini, anaimba karibu kabisa na maikrofoni mpaka unasikia midomo ikifunguka. Hana upana wa Ella wala majeraha ya Billie na hajifanyi anavyo. Anachofanya ni kuishusha sauti mpaka wewe ndo unasogea.

Okestra. Claus Ogerman, Mjerumani, na London Symphony Orchestra. Fidla zake haziingii na kutoka kama za Riddle, zinakaa kwa mbali muda wote kama bahari usiku, huioni ila unajua ipo. Mbele kuna kikundi kidogo, gitaa la Russell Malone, besi ya Christian McBride, na mahadhi mengi ni ya bossa nova ya Kibrazili. Hapo Ogerman yuko nyumbani, maana ndo aliyepanga albamu ya Sinatra na Mbrazili Jobim ya 1967, na mwaka 1977 alimpangia Mbrazili mwingine, João Gilberto, wimbo 'S Wonderful. Wimbo huo huo wa Gershwin wa mwaka 1927 ndo Krall anafungulia albamu. Sasa chukua 'S Wonderful ya Ella uiweke pembeni ya hii: Ella anatangaza furaha yake sebuleni watu wote wasikie, Krall anamwambia mtu mmoja sikioni.

Nyimbo ni 10, hali moja, taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mizani yetu ipo pia, na Krall anaivuta polepole kuliko wote, hajidanganyi kama Sinatra na wala haanguki kama Billie, anakumbuka tu kwa utulivu, kama mambo yalitokea zamani. Ukiwa na kidonda kibichi utaona hajasema kitu, ila kama miaka imepita utamwelewa kuliko wote watatu. Kasoro yake ni kwamba ukiwa na usingizi nyimbo zinaungana na kuwa wimbo mmoja mrefu.

Urahisi. Hapa haina mpinzani. Fundi wake Al Schmitt alipata Grammy kwa jinsi ilivyorekodiwa, na ukiwa na hedifoni nzuri utajua kwa nini. Inamfaa anayesikiliza akiwa anafanya kazi au anapika, wanandoa, na yule ambaye rekodi za zamani zinamchosha masikio.

Sasa wewe uko wapi?

Umeachwa wiki hii: Sinatra. Atakaa na wewe bila kukuongezea. Billie mwache kwanza, najua utasema uko tayari, mwache.

Umeachwa au umefiwa siku nyingi na watu wanadhani umeshasahau, basi huo ndo wakati wa Billie, usiku, mwanga kidogo, simu mbali.

Wageni wanakuja, mazungumzo yanaendelea na hutaki muziki ugombane nayo: Krall. Ila kama wageni ni wazee wanaopenda wimbo wenye mwanzo na mwisho na maneno yanayosikika, weka Ella, kipande cha nyimbo kumi, anza na zile zenye mwendo.

Unaimba, au unapiga chombo, na unataka kujifunza: wimbo wenyewe ujifunze kwa Ella, maana yeye haharibu hata noti moja. Ukishaushika nenda kwa Sinatra kwa ajili ya pumzi, kisha kwa Billie usikie unavyoweza kuchelewa nyuma ya mdundo bila kupotea. Njia hii nimeiona ikisaidia watu kuliko kinyume chake.

Kama wewe ni mtu wa taarabu na unachofuata ni fidla, nenda Lady in Satin na The Look of Love, usikie namna mbili tofauti kabisa za kuzitumia.

Pesa au bando ni kidogo na utachukua moja tu mwaka huu, hesabu mwenyewe: Ella anakupa nyimbo 53, Sinatra 16, Billie 12, Krall 10, lakini ukweli ni kwamba watu wengi niliowahi kuwapa Ella yote hawajawahi kufika santuri ya tatu, wakati Sinatra wanaimaliza na kuirudia.

Na kama umesoma mpaka hapa bado umekwama, usichukue albamu yoyote leo. Tafuta I Get Along Without You Very Well mara tatu, ya Sinatra, ya Billie, ya Krall, kwa mpangilio huo, hata robo saa haifiki, kisha malizia na But Not for Me ya Ella. Kesho asubuhi ukiwa unaoga au uko kwenye daladala kuna mmoja utajikuta unauimba. Rudi kwenye albamu ya huyo.